Mapafu ya Bwana Mifugo

Daktari kijana, kalamu mbili kifuani,
aliielekeza picha dirishani
akasema: Mzee Chibago, mapafu yameota makovu.
Kisha akalitamka neno, polepole, kama mtu
avukaye Kinyasungwe asiyejua kina:
i-di-o-pa-thi-ki.

Nikauliza maana. Akasema ni Kigiriki,
ugonjwa usio na mzazi, umejileta wenyewe.
Kovu, basi, lisilo na jeraha.
Nililiandika nyuma ya risiti ya vipimo,
herufi zikanikatalia, nikafuta, nikaandika upya.

Nilikuja na sababu zangu:
salfa tuliyopulizia zabibu kule Hombolo, leso tu puani;
vumbi la kiangazi, lile linaloingia hadi kwenye chumvi;
na kesi ya mpaka wa shamba, ambayo shangazi Foibe
haitaji bila kutema mate.
Daktari alizisikiliza zote kwa adabu.
Hakuandika hata moja.

Baba ndiye aliyecheka, akakohoa, akacheka tena.
Miaka thelathini na moja alikuwa bwana mifugo, Kongwa hadi Mlali.
"Hilo nalijua," akasema. "Kwenye daftari langu
lilikuwa na jina fupi: HJ.
Ng'ombe kafa, mwenyewe amesimama anakutazama.
Sababu ya kifo: haijulikani. HJ.
Mara nyingine kweli hatukujua.
Mara nyingine landrova haikuwa na mafuta
ya kufikisha damu maabara Mpwapwa,
ikaozea chupani.
Ukisoma leo, zote ni HJ."
Akavuta pumzi, fupi, kama anayeikopa.
"Sasa niambie, mjukuu wangu,
mimi ni HJ ipi?"

Nje waliita namba arobaini na mbili.
Kijana alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti,
akaivaa.
"Ile ya kwanza, mzee." Kisha: "Nadhani."

Hilo *nadhani* ndilo nililorudi nalo nyumbani.
Kigiriki nilikiacha kwenye risiti.

Jioni baba alikula mlenda, nusu sahani,
akaagiza daftari lake kutoka chini ya kitanda.
Chini ya fahali wa Ndahani, wa mwisho kuandikwa,
akaandika jina lake. Umri. Jinsia.
Rangi: maji ya kunde.
Sababu:

akalaza kalamu juu ya mstari, bila kuifunika,
akasinzia.