Kituo cha Tatu

Asubuhi ya Tukuyu. Mvua imeacha kunyesha
lakini haijaondoka, imekaa kwenye majani ya chai.
Tumevua viatu. Kipimajoto kinasema kumi na tatu,
vifundo vya miguu yangu vina habari nyingine.

"Geuzeni jiwe," anasema Madamu Nyalusi,
"mkimaliza mlirudishe kama mlivyolikuta.
Hilo ni paa la mtu."
Ambokile anacheka. Mimi nimeshainama,
wavu nimeutega mkondo unakoelekea,
nasugua jiwe kwa kiganja
kama anayemwosha mtoto mgongo.

Na wanakuja. Kwenye trei nyeupe
nilichodhani ni takataka kinaanza kutembea:
mmoja ana mikia mitatu, myembamba kuliko uzi wa cherehani,
mwingine amejijengea nyumba ya mchanga, chembe kwa chembe,
hana saruji, hana fundi, ana mate tu,
na kaa, mdogo kama kifungo cha shati,
amekunja ngumi, yuko tayari kupigana na chuo kizima.
Miaka miwili nimewakariri hawa kwa Kilatini.
Leo mmoja amepanda kidoleni mwangu
na jina lote limenitoka.

Tunaandika kwa penseli, maana wino huchuruzika.
Kituo cha kwanza: mia moja arobaini na wawili.
Cha pili, chini ya migomba: tisini na sita.

Cha tatu kiko chini ya mtambo wa kumenya kahawa.
Sikumwambia mtu kwamba naujua.
Harufu ile, tamu na chachu, maganda yakioza,
ndiyo harufu ya kanga ya mama kila mwezi wa saba,
ndiyo harufu ya noti alizonihesabia kitandani:
ada, nauli,
na viatu hivi nilivyovua.

Nikageuza jiwe. Utelezi.
Nikageuza la pili, la tano, la kumi.
Trei ikabaki nyeupe,
ila minyoo wekundu wanne,
wale wasiodai pumzi nyingi.

"Wangapi?" akauliza Ambokile, daftari gotini.
Juu ya kilima mashine ilikuwa inanguruma,
na pengine ni yeye aliyekuwa akimimina debe.
Ningeweza kusema mvua ilituwahi.
Ningeweza kuazima kumi kutoka kituo cha pili,
nani angekuja kuwadai?

"Wanne," nikasema. "Andika wanne. Minyoo."
Penseli ikakwaruza.

Usiku, wenzangu wakiota moto, nikakumbuka
jiwe la kumi nililiacha chali.
Nikashuka kwa tochi ya simu, maji yakanishika magoti,
nikalilaza upande wake wa zamani:
paa lisilo na mtu.

Kesho ni Jumapili. Nitapanda kumsalimu mama.
Atanipa ndizi za kuchoma, ataniuliza tumesoma nini huko mtoni,
na fomu itakuwa mfukoni,
imekunjwa mara nne.