Dirisha Lisifunguke

Juzi nilikuwa namwandikia Bi. Mumbua barua ya kodi,
"Naomba univumilie hadi tarehe"
na kabla sijataja tarehe, dirisha likaruka mbele:
grafu ya vumbi la Kariobangi, mhimili wima, mhimili mlalo,
ikazidonoa herufi zangu tano kama kuku aliyeona mtama.
Nikalifunga. Likaja la Dandora.
Nikalifunga. Likaja la Lunga Lunga.
Vituo arobaini na kimoja, siku saba kila kituo,
na kila picha inaingia bila kungoja karibu,
inasimama katikati ya sebule na viatu vyake,
programu nzima imeganda mlangoni
hadi nimtoe mgeni kwa mkono wangu mwenyewe.

Onsare, meza ya pili, bila kugeuza shingo:
"Kumbe wewe bado huchori mpaka utazamwe?"
Akanionyesha mstari mmoja, mfupi kama kikohozi:
onekana, alama ya sawa, hapana.
Chini yake mwingine: hifadhi kwenye faili, kisha funga,
usije ukajaza kumbukumbu
kwa madirisha yasiyo na ukuta.

Nikaiendesha. Kimya.
Maabara yetu ya Chiromo ikabaki na sauti ya feni.
Mashine ilichora gizani picha mia mbili themanini na saba
kama fundi wa cherehani Gikomba stima ikipotea,
anayeijua nguo kwa vidole.
Nilimaliza barua. Nilikunywa chai ingali moto.
Nikasema, ama kweli, raha ni kutoona.

Ijumaa nikafungua folda.
Picha ya mia na tisa.
Kariobangi, Jumanne, saa tisa usiku:
mstari umepanda mpaka umetoka nje ya karatasi,
alfajiri umerudi chini, umetulia,
kama mtu aliyenawa mikono.
Kuna aliyechoma kitu. Kuna waliolala wakikivuta.
Na siku tatu hizo picha ilikuwa kwangu,
imechorwa vizuri, ina kichwa, ina vipimo,
imekaa.

Onsare sikumwambia.
Mstari wake sikuufuta, niliuwekea sharti.
Sasa programu inaamka kila saa, inapima, inachora:
ukiwa chini ya mia na hamsini, nyamaza,
jihifadhi, nitakuja nikipata nafasi;
ukivuka, onekana.
Usibishe hodi. Ingia na viatu.

Leo ni tarehe thelathini.
Nje wanafunzi wanapiga makelele ya kwenda nyumbani,
skrini yangu ni nyeupe, tulivu, wiki ya pili sasa,
na mimi nimeanza tena, kwa adabu zaidi:
"Bi. Mumbua, najua nilikuahidi, lakini naomba univum"

dirisha.
Juu yake, kwa herufi nene nilizozichagua mwenyewe:
Vumbi, Dandora, saa hii.

Barua nimeiacha hapo ilipokatika.
Natafuta namba ya simu.