Usaili, Newala

Waliniuliza: kwa nini ustawi wa jamii?
Nikasema napenda watu. Wakaandika.

Sikuwaambia habari za Bi Somoe,
jirani yetu kule Kitangari,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya korosho,
alivyonidaka njiani nikitoka shule: "Nisomee."
Nilikuwa darasa la nne.
Barua ya mumewe ilitoka Msumbiji,
mistari sita, na wa tano ulisema harudi.

Wa nne nikausoma mara mbili.
Nikakohoa. Nikarukia salamu.

Akanichotea maji, kikombe kizima,
maji ya kununua, ya ndoo ya mwisho.
"Kusoma unajua," akasema. "Kuficha bado."
Hakulia. Niliyelia ni mimi,
naye akanifuta kwa upindo wa kanga unaonuka moshi.

Hayo kwenye fomu hayana mstari wake.
Wala miaka niliyojifunza kukaa kimya
bila kuondoka.

"Una swali?" akauliza mwenyekiti.
Dirishani, kwenye benchi la nje,
mama mmoja alikuwa na karatasi ya halmashauri,
anaikunja, anaikunjua,
kaishika juu chini.

"Sina," nikasema.
Nikatoka, nikaketi karibu yake,
nikangoja aniombe.