Macho ya Zamu

Mashine mbili za kuchapisha zilifia mikononi mwangu
kule Nyamakima, katika duka lililo chini ya ngazi.
Moja ilichapisha matangazo ya mazishi miaka tisa,
nyingine karatasi za karo.
Mwenye duka akasema, chukua mizoga yako.
Nikapanda nayo Huruma, orofa ya nne,
nikaipasua kama kuku wa sikukuu:
mota nne, mikanda miwili ya meno,
na chuma kimoja kirefu
kinyoofu kuliko wenye nyumba wote ninaowajua.

Mkono nikaukata kwa bomba la maji.
Kiganja, kifuniko cha mkebe wa siagi.
Brashi ndiyo iliyonitoa jasho:
za dukani zilikwaruza karatasi kama paka mlangoni,
mpaka Mwikali wa saluni akanipa
nywele bandia alizokuwa akizifagia.
Rangi? Mabaki ya mageti.
Buluu ya shule, nyekundu ya kanisa,
na kijivu ambacho hakuna aliyekiri kukinunua.

Wiki tatu roboti yangu ilijua jambo moja tu:
kushoto, kulia, kushoto, kulia,
tabia ya karatasi za karo.
Nikaiomba duara, ikanipa kiazi.
Nikaiomba kiazi, ikamwaga kopo.
Nilibadilisha skrubu, nikabadilisha hesabu,
nikabadilisha na maneno niliyoisemesha.
Yale ya kwanza hayaandikiki.

Kisha Jumanne, saa nne asubuhi,
mlango ukapigwa teke.
Nyaboke wa chumba cha pili,
bado na sare ya ulinzi, kola imegeuka.
"Wewe! Nalinda mali ya watu usiku kucha
Eneo la Viwanda, narudi nilale,
nawe unasaga mawe?
Ni nini hicho kinacholia krii, krii?"
"Ni mchoraji," nikasema.
Akatazama mota. Akatazama nywele.
Akatazama kiazi changu ukutani.
"Basi kinichore. Kikikosea, nakivunja."

Akakaa juu ya mtungi wa maji, mgongo wima
kama yuko langoni na lori linakuja.
Nikampiga picha kwa simu, nikaivunja kuwa mistari,
nikabonyeza.
Krii.
Nyusi zikaja. Macho yakaja, buluu ya shule.
Pua ikafuata, pana, yenye fahari.
Mkono ukashuka kuelekea mdomo,
ukasita.
Tokeni imekwisha.

Brashi ikabaki hewani, ikadondosha tone moja jekundu.
"Kumbe umeninyima mdomo," akasema,
nami sikujua kama nicheke.
Akatoa simu, akanunua stima ya hamsini,
akanisomea tarakimu ishirini, nne nne,
kwa sauti anayosomea namba za malori.
Mota zikakohoa.

Lakini mashine haikumbuki ilipoachia.
Ilirudi pembeni, mwanzo kabisa,
kama mtu aliyeamshwa ghafla asijue ni siku gani,
ikaanza upya, vidole viwili chini.
Nyusi mpya zikakaa chini ya macho ya kwanza
kama mifuko ya usingizi.
Macho mengine yakafunguka kando ya pua.
Pua ya pili ikalikuta lile tone,
likawa kipini ambacho Nyaboke hajawahi kuvaa.
Nikanyoosha mkono nichomoe waya.
Akanishika kifundo.
"Kiache."

Mdomo ulikuja mwisho, kidevuni, umepinda kidogo.
Alisimama mbele ya macho yake manne
hata nikasikia maji yakipanda mabombani.
"Haya ya juu," akasema, "ni ya kazini.
Haya ya chini ndiyo uliyoyaamsha leo."

Akaondoka nayo ingali mbichi,
buluu ikamchafua sare.

Siku hizi sichori kabla ya saa nane mchana.
Akishaamka hugonga ukuta mara mbili,
maana yake:
washa.