Mota ya Vaipa

Ilikuwa haisukumi. Inajikuna koo tu.
Nabana kifyatuo, waya watoa ncha,
wasimama, wafikiri,
kisha wajikunja nyuma ya roli
ukawa kiota ambacho hapana shomoro atakayekilalia.

Na Tsuma amekaa juu ya debe mlangoni.
Mkokoteni wake umevunjika ekseli mlimani Makupa,
mitungi ishirini imemwagika njiani,
watu wakimwambia pole, huku wakiruka dimbwi.

Mashine yenyewe ndogo, ya kubeba begani.
Niliinunua kwa pesa za mchezo, zamu yangu ya tatu,
na muuzaji akaniapia ni ya Italia.
Kweli ilikuwa na stika ya Italia.
Stika haikusema uongo. Ilibandikwa tu.

Nikafungua ubavu. Skrubu nne, moja haina kichwa.
Ndani, mota kama yai la kwale
na gia za plastiki zilizong'oka meno
kama Fumo wangu wa darasa la kwanza.
Na hii ndiyo niliyokuwa nikiitukana!
Mtoto nimemtwika gunia la mchele,
halafu namuuliza mbona hukimbii.

Jomvu, kwenye uwanja wa magari maiti,
palikuwa na Probox iliyobusu lori.
Kioo hakuna. Vaipa zimebaki zimeinua mikono.
"Mia nane."
"Mia nne."
"Mama, hii imefuta masika kumi."
"Basi imechoka."
Nikatoka nayo kwa mia sita, ndani ya mfuko wa maharagwe.

Tundu la roli dogo, kidole cha mota kinene.
Nikala tupa hadi adhuhuri,
vumbi la chuma kwenye kope, vumbi la chuma kwenye chai.
Kisha kibao cha kuishikilia: chuma cha kitanda kikuukuu,
nimekikata, nimekipinda,
na cha kukiungia sina.
Ili kuiponya ya kuchomea, nataka ya kuchomea.
Nikavuka barabara hadi kwa Kadenge
kama bibi yangu alivyokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Lakini moto alinipa.

Mashine yatoa volti ishirini na nne,
mota imezoea kumi na mbili.
Ukiiachia hivyo, waya warushwa kama mate ya swila.
Nikaitia lijamu: kikadi cha kupunguza mwendo,
na kitufe cha kuzungusha nilichong'oa kwenye redio.

Bado.
Nikiachia kifyatuo, waya waendelea,
inchi moja, mbili, wagusa chuma, waganda.
Nikakaa nikaiwaza.
Vaipa ukiizima haisimami njiani;
hutafuta kwanza mahala pake pa kulala, chini ya kioo.
Mota haikuwa na habari kwamba kioo hakipo.
Nikaufuata waya wa njano kwa kidole
nikaukata, taratibu, kana kwamba itahisi.

Halafu nikashusha barakoa.

Sauti, mwenzangu!
Bajia zikitumbukia karaini,
mfululizo, hakuna kukatika.
Malori ya Kampala yanapita, meza inatetemeka,
na mshono unalala nyuma ya mkono wangu
kama ukili wa mkeka unaosukwa na mtu asiye na haraka.
Tsuma alinyanyuka kwenye debe. Hakusema kitu.
Akaupiga mkokoteni teke mara mbili,
kama anayenunua gurudumu.

Alilipa nusu pesa, nusu maji.

Ile ya zamani Fumo aliiokota chini ya meza,
akaikatia mapanga kwa kopo la maziwa,
akaiunga na betri ya pikipiki iliyokufa nusu.
Sasa iko juu ya rafu, kando ya boksi la misumari.
Waya haikuuweza. Hewa inaiweza, kidogo,
upande mmoja wa uso wangu.