Mlango Usio na Nyumba

Katikati ya uwanja, kusini kabisa mwa Uswidi,
umesimama mlango wa shaba nyeusi
usio na ukuta, paa wala ubao wa kufunga:
miimo miwili na kizingiti cha juu.
Upepo wa bahari unapita bila kupiga hodi.

Shaba yenyewe haina ukoo mmoja.
Rafadha ya meli iliyostaafu
ilitoka mji rafiki wa ng'ambo, Poland,
ikayeyushwa pamoja na mizani ya Tove muuza samaki,
birika la Shamiram lililovuka mipaka mitano,
na ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena
(mwenyewe hakutaka jina lake litajwe, nami silitaji).

Mimi hufagia hapa.
Baba yangu aliletwa mji huu na kiwanda cha soksi,
kutoka Budapest, na sanduku lisilojaa.
Kwenye mwimo wa kulia neno lake lipo, la tisa kutoka chini,
nami hulipangusa kwa mkono wa koti
msimamizi asipoangalia.

Maneno ni arobaini na moja, yote ya kumkaribisha mgeni.
Mengine yanatoka kushoto, mengine yanatoka kulia,
yakakutana katikati
kama watu kwenye ngazi nyembamba: pita wewe, hapana, pita wewe.

Kasheshe ilianza kwa herufi moja.
Senad, mchomeleaji wa zamani wa bandarini,
alivaa miwani, akasoma, akaivua, akasoma tena:
Dobrodosli.
"Esi yetu imevuliwa kofia," akasema,
"na huku ni Januari!"

Akaandikia halmashauri. *Suala lako limepokelewa.*
Mwaka ukaisha, akaandika tena.
*Suala lako bado limepokelewa.*

Ng'ambo ya uwanja Ljubinka anauza maua.
Yeye na Senad wamenunua mkate duka moja
miaka ishirini na saba, bila salamu.
Vita vya kwao vilikwisha, salamu haikurudi.
Siku ya mkutano wa kuchagua maneno
kila mmoja alikuja na karatasi yake,
kila mmoja alidai mstari wake.
Eliana mchongaji, mzaliwa wa Valparaíso,
alizibandika dirishani, moja juu ya nyingine.
Herufi zikalaliana kama mtu na kivuli chake saa sita mchana.
"Nionyesheni tofauti," akasema, "nitachonga mara mbili."
Kimya.
Nadhani ni katika kimya hicho
kofia ilipoanguka.

Sasa sikia. Asubuhi moja ya barafu
nilikuwa nakwangua chumvi kwenye mawe
nikaona kitu chekundu.
Kofia ya sufu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
imefungwa juu ya ile esi
kwa waya mwembamba wa kufungia mashada.

Senad alipofika alisimama muda mrefu.
Akaugusa ule waya. Akaujua.
Akavuka uwanja, akaingia dukani,
na waliyosemezana huko siyajui:
nina fagio, sina masikio ya ukuta.
Nilimwona tu akitoka na tulipu kifuani,
amezishika kama mtu aliyebeba sufuria ya moto
na hajui aitue wapi.

Mwezi Mei halmashauri ikaja, na fundi,
na kofia rasmi ya shaba ndani ya sanduku, na risiti.
Tove alisimama mbele ya mwimo na kisu cha samaki mkononi
(alisahau kukiacha, anaapa).
Fundi akarudi na sanduku lake.

Sufu huoza. Kila Novemba mtu hufuma nyingine,
mwaka jana ilikuwa ya kijani, imefumwa vibaya,
kazi ya mtoto.

Nami nafagia upande huu, kisha upande ule.
Miaka kumi na moja sasa
na sijajua bado
upi ndio wa nje.