Saa ya Sita ya Jaribio

Kajaani, Februari. Nje ni hasi ishirini na saba,
nami nimeacha dirisha wazi kiasi cha vidole viwili
ili baridi iingie bure.
Taisto wa mlango wa pili amegonga bomba mara moja.
Atagonga tena. Namjua.

Mezani: bisibisi, kahawa iliyolala tangu jana,
tyubu ya malhamu ya kijivu,
daftari la kiwanda cha maziwa lenye kurasa tupu nyuma.
Nimeipaka prosesa tone moja, kama punje ya dengu,
nikaifunika kwa shaba yenye mapezi,
nikakaza skurubu kimshazari, robo mzunguko kwa robo.

Halafu penseli.
4.6, volti 1.20, nyuzi 68. Imepita.
4.7, volti 1.23, nyuzi 73. Imepita.
4.8 imegoma. Skrini buluu, feni ikizunguka kwa aibu.
Nikaiongezea volti kidogo, ikasimama.

Watu hudhani kasi ndiyo inayochoma.
Zaidi ni kile unachoilisha ili iivumilie kasi:
volti ikipanda ngazi moja, joto huruka mbili.
Na mzigo unapofika, volti yenyewe huinama,
kidogo tu, kama goti la mchukuzi gunia linapomkalia,
na ndani ya kule kuinama
ndimo mashine huangukia.

Merja, pacha wangu, anayo prosesa kama hii.
Tulizinunua siku moja, huenda zilikatwa
sahani moja ya silikoni, ubavu kwa ubavu.
Yake inakwenda 5.2 bila jasho.
Hunitumia namba tupu, bila salamu.
Yangu ikifika 5.0 hudai volti 1.36,
nyuzi 94, na chumba hunuka vumbi lililoungua.
Tumbo moja, lakini kila mmoja na dosari zake
alizozaliwa nazo mahali pasipoonekana.

Nikalala kitini. Hesabu zilezile
zikazungushwa, zikakaguliwa, zikazungushwa,
feni zikivuma kwa sauti moja ya puani.
Saa ya kwanza safi. Ya pili. Ya tano.
Chembe za theluji zilipenya vile vidole viwili
zikayeyuka kizingitini.
Nikaota nimeshinda.

Saa ya sita, dakika ya arobaini: kosa moja.
Haikuzima. Hilo ndilo lililonitisha.
Skrini haikugeuka buluu, hakuna kilicholia,
kiini cha nne tu kilitoa jibu lisilo lake
kikaendelea na kazi, uso mkavu.

Nalijua kosa la namna hiyo.
Desemba, kiwandani, waliongeza mwendo wa mkanda,
katoni tisini kwa dakika, kisha mia na kumi,
na msimamizi, Kyösti, akatuletea kahawa zaidi.
Nilisimama wima. Sikuugua, sikuchelewa hata siku moja.
Katoni mia tatu zikatoka na tarehe ya mwaka uliopita,
na mkono uliogonga mhuri ulikuwa wangu,
na nilikuwa, wanasema, natabasamu.

Nimerudi 4.8. Volti 1.27.
Nimeandika, nikapiga mstari chini yake.
Merja ameuliza: Yako?
Nimemjibu: 4.8.
Hiyo tu?
Nikatafuta la kusema. Kwamba kila mtu hujikuna ajipatapo.
Kwamba namba yake sijaiona ikikaguliwa hadi asubuhi.
Nikaandika: Hiyo tu.

Taisto amegonga bomba.
Nimefunga dirisha.
Joto limepanda nyuzi tatu, likasita, likatulia.